Uzoefu wangu: mwaka mzima na DaVinci Resolve ya bure na LMMS, video zangu na biti zangu

Wakuu, mi naediti video kwa DaVinci Resolve toleo la bure na biti, yaani midundo ya muziki, natengeneza kwa LMMS, huu ni mwaka sasa. Sio kazi, ni kitu nafanya usiku nikishatulia. Naandika kwa sababu watu wanauliza waanze na programu gani wanatajiwa majina tu, hakuna anayewaambia inakuwaje ukishaiweka kwenye mashine.

Mwanzoni muziki nilikuwa naokota mtandaoni. Kuna video nimeihangaikia wiki mbili, kuipandisha tu ikazimwa sauti yote sababu ya haki za wimbo, kumbe ule muziki niliopakua kwa kuambiwa ni wa bure haukuwa wa bure. Iliniuma sana. Ndo nikashusha LMMS, ambayo haina malipo kabisa na ni nyepesi, ngoma unazipanga kwenye visanduku unabonyeza kimoja kimoja halafu besi na kinanda unachora kwenye piano roli, ukurasa wa kuchorea noti. Biti ya kwanza ilinila siku nne na ilikuwa na ngoma, besi na noti tano tu za kinanda lakini ilikuwa yangu.

Sasa hapa ndo penye utamu. Video zangu ni fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 kila sekunde. Biti ikiwa BPM 100 (mapigo 100 kwa dakika) kila pigo ni sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili, kwa hiyo kwenye taimlaini, ule mstari unaopangia klipu, nahesabu 15 nakata, 15 nyingine nakata, na picha inabadilika pale pale ngoma inapodunda. Ukiweka BPM 120 pigo linakuwa fremu 12 na nusu na nusu fremu haikatiki, inabidi ukate moja kwa fremu 12 na inayofuata kwa 13, macho hayaoni tofauti ila kuhesabu kunachosha. Muziki wa mtu mwingine unakupangia tempo, wa kwako unaupanga ufuate picha. Nina klipu ya mdogo wangu anaendesha baiskeli, mguu unashuka kwenye pedali na ngoma inapiga, nilisogeza klipu fremu mbili tu nyuma ikakaa, nikairudia labda mara ishirini kwa raha.

Resolve yenyewe ni kubwa jamani. Kukata, kurekebisha rangi, kuchanganya sauti kwenye ukurasa wa Fairlight, vyote viko ndani, na toleo la bure linatoa video mpaka 3840 kwa 2160 bila kubandika nembo kwa kazi za kawaida. Ila inataka mashine. Laptopu yangu ina RAM GB 8 na ilikuwa inakwama kila nikigusa rangi mpaka nilipojifunza kutengeneza proksi, nakala nyepesi za kukatia, halafu wakati wa kutoa inarudi kwenye klipu halisi. Na idadi ya fremu kwa sekunde ya projekti ipange kabla hujaingiza klipu yoyote, baada ya hapo inajifunga.

Kingine ni klipu za simu. Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, unaediti vizuri halafu dakika ya tano unaona mdomo na sauti vimeachana. Napitisha kwanza HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, nachagua fremu zisizobadilika, tatizo linaisha. Na biti ukiitoa LMMS itoe kwa faili la sauti la WAV la 48000 Hz maana ndo kipimo cha sauti ya video, 44100 ni ya CD.

Kama una simu tu bila kompyuta, hizi mbili hazikufai. Mwenye laptopu ya wastani na subira aanze nazo bila wasiwasi. Mi saa hizi niko kwenye video ya dakika tatu, BPM 100 tena, ni mapigo 300, nimefika la 112.