TAHADHARI: Muuza "sindano ya joto" wa pikipiki, wilaya za Hai na Siha

Wafugaji wenzangu, someni hii kabla hamjamfungulia mtu geti.

Mwezi uliopita alikuja kijana na pikipiki, anauza sindano ya kuita joto, yaani ya kumfanya ng'ombe atake dume, elfu 15 kwa kila ng'ombe. Mabomba ya sindano alishayavuta dawa huko alikotoka, yamefungwa kwenye nailoni, yanapigwa jua. Chupa sikuiona, risiti hakuna. Nikakubali. Alichoma ng'ombe watano bila kumpima hata mmoja. Mmoja alipata joto, watatu kimya hadi leo. Wa tano alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Siku ya nne aliitupa.

Daktari wa mifugo alinieleza nikaumia zaidi. Dawa hiyo ni jamii ya prostaglandini, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza kutokana na mafuta. Kazi yake ni kuyeyusha kile kijivimbe cha njano kwenye ovari. Kikiisha, joto linakuja ndani ya siku 2 hadi 5. Ng'ombe asiye na kijivimbe, hata dawa iwe nzuri vipi haimfanyii kitu. Na mwenye mimba changa, kijivimbe hichohicho ndicho kinachoishikilia. Ndiyo maana lazima apimwe kwanza! Tena kloprostenoli, ambayo ndiyo wengi hutumia, haitakiwi kukaa kwenye mwanga.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Yule kijana, mikono mitupu bila glavu, alimpa mkwe wangu amshikie mabomba. Ana mimba ya miezi mitano. Moja likamvujia kiganjani. Dawa hii hupenya kwenye ngozi, inaweza kukaza mfuko wa uzazi wa mwanamke, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Bahati alinawa palepale kwa sabuni. Tumempeleka kliniki, mtoto anacheza, Mungu ni mwema. Mjamzito asiiguse kabisa, wala asiwe msaidizi zizini siku hiyo.

Ukitaka huduma hii, mwite daktari. Apime, afungue chupa mbele yako, na wewe usome jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kama ameshapita kwako, usitupe bomba. Liweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto, umpelekee afisa mifugo wa kata. Langu nimeshalikabidhi, na taarifa ya kupeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tunaiandika pamoja. Aliyechomewa naye aje tuiandike.