Wakili aliyekataa kuniandikia hati: uzoefu wangu wa kununua nyumba Fuoni

Tangu nihamie Fuoni, hapa Unguja, ninaloulizwa sana si bei ya nyumba bali wakili. "Hivyo Mwalimu, laki sita kwa karatasi tu?" Ndiyo, laki sita, na hapo ushuru wa stempu na ada za serikali hazimo. Nyumba yenyewe nimeinunua milioni 72, na ni fedha ya kiinua mgongo baada ya kusomesha skuli za Pemba umri wangu wote wa kazi. Nikiipoteza hiyo, hakuna nyengine inayokuja nyuma yake. Basi naeleza nilivyompata wakili huyu, alivyofanya kazi na wapi alinichosha. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu ndani ya habari hii mna mambo ya familia ya watu.

Nyumba nilionyeshwa na dalali. Vyumba vitatu, ya matofali, bati zuri, uwani minazi mitatu. Muuzaji ni mtu wa makamo, mstaarabu kabisa. Baba yao keshafariki, yeye ndiye mtoto mkubwa na, kwa maneno ya dalali, ndiye mwenye kauli. Dalali akanambia nisihangaike na wakili, wao wanaye wa siku zote: laki moja na nusu, hati ya mauziano inatoka mchana huo huo, muuzaji na mnunuzi mnakaa meza moja mnatia saini, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, anagonga muhuri, kwisha.

Nilimpigia simu huyo wakili wao. Nikamuuliza, likitokea la kutokea baina yangu na muuzaji, wewe utasimama upande gani? Akacheka: "Mwalimu, mimi ni wa wote." Nikamshukuru, nikakata.

Sisemi kwamba wakili mmoja kwa pande mbili ni kosa kila mara. Muuzaji akiwa hai, hati miliki ina jina lake, Kamisheni ya Ardhi inamjua kwa jina hilo hilo na hana mshirika, kazi iliyobaki ni kuandika tu, na anayeandika vizuri anatosha. Nyumba ya marehemu ni habari nyengine.

Mtoto wa ami yangu aliyeko Dar es Salaam naye akanitafutia wakili wa huko. Tulizungumza kwa simu, mtu msomi, mwenye subira. Akaanza kunieleza Sheria ya Ardhi ya 1999, mabaraza ya kata, ofisi ya kijiji. Nikamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Ardhi si jambo la Muungano. Sheria hiyo ya 1999 ni ya Bara, huku haifiki. Sisi tunayo Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, tuna Mahkama ya Ardhi yetu, tuna masheha, na Mahkama Kuu ya Zanzibar ina mawakili wake iliowakubali. Kuwa wakili Dar hakumfanyi mtu kuwa wakili Unguja. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu walioko Bara na ng'ambo wanaotuma fedha za kununulia nyumba huku, maana wengi wanaanza na wakili aliye karibu na wao, si aliye karibu na nyumba.

Nilivyompata wangu, nadhani ndiyo njia nzuri kuliko zote. Niliacha kuuliza "nani wakili mzuri", kwa sababu kila mtu ana shemeji yake. Niliwauliza watu waliowahi kuingia Mahkamani kwa ajili ya nyumba. Jirani wa dada yangu pale Jang'ombe alikuwa na kesi ya mali ya urithi, akashindwa. Akanambia: "Wakili wa wenzangu ndiye aliyenimaliza. Mimi ningekuwa na fedha leo ningekwenda kwake." Sifa ya aliyeshindwa nikaiamini kuliko ya shemeji. Kisha nikaulizia Chama cha Wanasheria Zanzibar kama wanamjua, na ofisini kwake nikaomba kuiona leseni yake ya mwaka ule. Hakuchukia. Angechukia ningeondoka.

Ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa pili. Aliniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza, na mimi nikitegemea sasa atavuta kompyuta aandike. Akafunga daftari. "Mwalimu, sikuandikii hati mpaka nijue nani anauza."

Nikamwambia anauza kaka fulani, simu yake hii hapa.

"Huyo mmoja. Baba yao ameacha nani?"

Sikuwa na jibu kamili, na dalali alipoulizwa akataja wale wanaoishi mle ndani tu. Wakili akapiga simu mwenyewe mbele yangu, akauliza polepole kama anayesalimia, mpaka wakatimia: mjane, watoto wawili wa kiume, na mabinti watatu, mmoja wao ameolewa Muscat. Akachukua karatasi akanipigia hesabu. Mke anapata thumni, yaani fungu moja katika manane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili kwa moja la mwanamke. Kwa familia hii hesabu ilikaa sawasawa: nyumba ni mafungu manane. Mama moja, kila binti moja, kila mtoto wa kiume mawili. Kwa hiyo kaka aliyekuwa akiniuzia nyumba nzima alikuwa na robo ya nyumba. Na ile milioni 72 ikawa milioni 9 kwa kila fungu.

Nimesomesha hesabu miaka mingi na hakuna hesabu iliyonishitua kama hiyo.

Ningetia saini ile hati ya mchana mmoja, ningekuwa nimelipia nyumba na kununua robo, na robo tatu zilizobaki zingenisubiri Mahkamani siku yoyote binti mmoja atakapoamka na kuuliza haki yake. Na angekuwa na haki. Hapo ndipo laki sita yangu ilipokwenda, wala haikwenda kwenye karatasi.

Baada ya hapo mambo yalikuwa magumu, nisiwadanganye. Wakili alitaka mirathi ipitishwe kwanza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, itoke karatasi inayosema warithi ni nani na kila mmoja fungu lake, kwa sababu familia ilikuwa imekaa miaka bila kurithishana. Kaka akakasirika. Dalali akaja na habari kwamba mteja mwengine yuko njiani kutoka Dubai na fedha mkononi. Nikampigia wakili, mapigo ya moyo juu. Akanijibu, "Mwache afike." Hakufika mpaka leo.

Binti wa Muscat akatakiwa ampe mtu uwakala wa kumtilia saini, na uwakala huo uthibitishwe ubalozi wetu kule, uje wenyewe kwa mkono, si picha ya simu. Wakili alizungumza naye pia, akimweleza anachokwenda kukitilia saini. Ikadhihirika kwamba alikuwa anajua nyumba inauzwa, bei ndiyo hakuwa anaijua. Nilikaa kimya pale kitini. Hayo yalikuwa yao.

Wakati huo huo kulikuwa na habari ya ardhi. Kwetu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, na mtu anakuwa na haki ya kuitumia. Nyumba nyingi za Fuoni zimeota katika yaliyokuwa mashamba, na karatasi yake ni hati ya mauziano ya zamani iliyopitia kwa sheha, bila kipimo wala hati miliki. Si haramu kununua hivyo, lakini ujue umenunua nini. Wakili alikwenda Kamisheni ya Ardhi kutazama mambo mawili: kwamba pale si kipande cha zile eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi, ambazo ziligaiwa za kulima na si za kukatwa viwanja, na kwamba ramani haipitishi barabara sebuleni kwangu. Akauliza pia Wakf, maana mali ya wakf haiuzwi hata warithi wote watie saini kwa wino wa dhahabu. Majibu yalikuwa mazuri. Akaniandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili: unachonunua ni hiki, usichonacho bado ni hati miliki, na kuipata ni kazi ya baadaye yenye gharama yake. Ukurasa huo nauthamini kuliko hati yenyewe.

Kisha akaja Fuoni. Hili wengi hawalifanyi, wanaandika mipaka kwa kuhadithiwa. Alikuja na sheha, akataka majirani watoke wasimame kila mmoja upande wake, akazunguka uwani. Akasimama chini ya minazi. "Na hii ya nani?" Kaka akasema ya nyumba. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, kimya muda wote, akasema: "Mmoja ndio wao. Miwili yangu mimi, alipanda mume wangu."

Ilikuwa kweli. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na miti juu ya ardhi ya mwengine, na Mpemba kama mimi niliyekulia kwenye mikarafuu sikuhitaji kufahamishwa, ila kuulizia minazi ya Fuoni sikukuwaza. Tungeacha vile, ningefika siku nikamkuta bibi na mkwezi uwani kwangu nikadhani naibiwa, na yeye angeniona mimi ndiye mdhulumu. Nikainunua ile minazi miwili palepale, sheha akiwa shahidi, na ikaandikwa ndani ya hati. Nazi bado nampelekea.

Malipo nayo yalikwenda kwa utaratibu wake. Nilitoa arbuni, yaani malipo ya mwanzo, milioni 5 kwa maandishi kwamba zinarudi ikiwa warithi hawakukubaliana. Siku ya saini hakukuwa na bahasha mezani. Kila mrithi aliingiziwa fungu lake benki, kaka akakatiwa ile arbuni aliyokwisha kuichukua, akapata milioni 13. Mama alifunguliwa akaunti kwa ajili hiyo. Ushuru wa stempu ukalipwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na hati ikasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Risiti zote ninazo mimi, si yeye. Ombeni risiti zenu.

Sasa aliponiudhi. Kwanza simu: akiwa Mahkamani hapokei, hilo nalikubali, lakini akitoka harudishi. Nilikuwa nikimpigia karani wake hadi tukawa kama ndugu. Pili, rasimu ya kwanza ya mauziano ilikuja kwa Kiingereza. Mjane hakijui, sheha hakipendi, na kaka alikuwa akitikisa kichwa tu kama anaelewa. Nilimrudishia nikamwambia mwanangu, watu sita watatia saini hapa, waandikie wanachokisoma. Aliibadilisha bila kubisha, lakini nisingesema ingebaki hivyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, laki sita ilikuwa kwa mdomo. Katikati ya kazi ikaja nauli ya kwenda huku, gharama ya kutoa nakala kule, fedha ndogo ndogo ambazo hakuna hata moja ya kugombania, lakini zikijumlishwa zinaonekana. Tulizungumza, nyengine akaziondoa. Mwenye kwenda kwake aulize mapema laki ngapi, kwa kazi gani, na nini hakimo.

Wala si wakili wa kila mtu. Kwa anayetaka fleti mpya za Fumba au mgeni anayetaka kukodi ardhi ya kujenga hoteli, ile ni kazi yenye sheria zake na mawakili wake, na sijui yeye yukoje huko. Na mwenye haraka asiende kabisa. Yeye hufuata karatasi, na karatasi za ofisi zetu mnazijua mwendo wake.

Kwa wanaouza, nina ushahidi wa jambo moja tu. Miezi baada ya kuhamia, binti mmoja wa familia ile alinipigia simu. Nikajua yameanza. Kumbe alitaka namba ya wakili: wana shamba la mikarafuu upande wa Mkoani kule Pemba, la babu yao, na ami zake wanaligombania. Kaka ndiye aliyemwambia anipigie.

Mimi sasa nimeanza safari ya hati miliki, na nimemrudia huyo huyo. Mpimaji anatarajiwa. Nimemwambia safari hii nataka bei kwa maandishi kabla mtu hajaweka bikoni ya mpaka uwani kwangu. Amekubali, kaniita mama, kasema ataileta. Hajaileta bado.