Uzoefu wangu: Viti vya mninga vya mama na kopo la klipu 48

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa. Nilipeleka kiti kimoja kati ya viti vinne vya marehemu mama yangu katika karakana moja ya hapa Dar es Salaam inayojitangaza kuwa inakarabati samani za zamani, na pamoja na kiti nikakabidhi kopo la siagi lenye klipu 48 za chuma nilizozibandua kwa mikono yangu. Kiti kilirudi kimepigiliwa plaiwudi. Kopo halikurudi.

Naomba msomaji anivumilie nieleze klipu hizo, kwa sababu mwenye karakana hakunivumilia. Viti vyetu ni vya miaka ya hamsini, vya mninga mtupu, vyenye mikono myembamba na mgongo wa fito uliolala kidogo kwa nyuma. Chini ya mto hakuna springi wala ubao. Kuna mikanda sita ya mpira yenye upana wa inchi mbili, ya aina ile iliyotengenezwa na Pirelli ya Italia, kampuni hiyo hiyo ya matairi, ambayo ndani yake mpira umeshikana na tabaka za nyuzi ili uvutike bila kulegea. Kila ncha ya mkanda imeumwa na klipu ya chuma yenye urefu sawa na upana wa mkanda, iliyokunjwa kama bahasha, na klipu hiyo inaingia katika tundu la mshazari lililochongwa kwenye fremu. Ukiketi, mkanda unavutika na klipu inazidi kuzama ndani ya mbao. Ukiinuka, kila kitu kinarudi mahali pake. Hakuna msumari hata mmoja. Aliyechonga matundu yale alikuwa anajua kwamba mpira ungechakaa siku moja, akaacha njia ya kuutoa na kuweka mwingine bila kuugusa mti.

Mpira wetu ulikuwa umechakaa kweli. Joto la mtaa wa Upanga na miaka yote hiyo vimeufanya mgumu kama gome, ukawa unapasuka ukiukunja na kuacha unga mweusi sakafuni. Mama alivinunua viti hivi kwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, miaka michache baada ya ile Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Jirani alikuwa anahamia Uingereza na familia yake, na binti yake alikuwa rafiki yangu wa kucheza naye kwenye ngazi. Hadi leo tunaandikiana. Yuko Leicester, na ndiye aliyeninunulia roli la mkanda mpya, kwa kuwa kule bado unauzwa kwa mita. Aliniuliza kama anitumie na klipu mpya. Nikamjibu asihangaike, za asili ninazo zote, zina kutu kidogo tu. Jibu hilo linanichoma kila ninapolikumbuka.

Hapa nyumbani nilikuwa nimeshatafuta mikanda na klipu. Nilizunguka Kariakoo na Gerezani, nikaonyeshwa springi za nyoka, nikaonyeshwa kamba za nailoni, na kila mtu wa tatu alinishauri nikate tyubu ya lori. Tyubu haina nyuzi ndani. Inavutika leo, na baada ya miezi michache umeketi karibu na sakafu. Ndiyo maana nilifurahi sana nilipoiona karakana hii, yenye mlango wa kioo na picha za makabati ya zamani yanayong'aa, nikaona nimepata watu wanaojua thamani ya vitu.

Kijana niliyemkuta mezani, ambaye baadaye nilielewa kuwa ndiye mwenye mali, hakunisalimia. Mimi nina umri wa mama yake. Nilimweleza kazi mara mbili na nikaiandika kwenye karatasi: mikanda ipimwe kwa kupungua sehemu moja ya kumi, yaani penye uwazi wa inchi 20 akate inchi 18; klipu zibanwe kwa jiliwa na si kwa nyundo; matundu yasafishwe; vanishi isiguswe. Alianza kutazama simu kabla sijamaliza. Akasema, "Mama, sisi tunafanya kazi hizi kila siku." Nikamwachia kiti, roli na kopo, na malipo ya awali ya nusu.

Baada ya wiki tatu hivi, pengine nne, nikaitwa. Kwa mbali kiti kilipendeza. Nilipoketi nikapokewa na ubao. Nikainuka, nikakipindua pale pale mbele ya wateja wengine, nikaona plaiwudi imepigiliwa kuzunguka fremu kwa misumari ya inchi moja na nusu, na mbao ya mninga ina mipasuko miwili myembamba kama nywele karibu na kona ya mbele. Nilipochungulia pembeni nikaona jambo baya zaidi: matundu yote 12 yalikuwa yamezibwa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha yakapigwa msasa yakawa laini, kana kwamba yalikuwa kidonda.

Nikauliza mikanda iko wapi. Roli lilikuwa pembeni, halijafunguliwa. Nikauliza kopo.

"Zile takataka tulitupa, mama. Chuma chenye kutu utakifanyia nini? Kiti sasa ni imara kuliko mwanzo, ulitakiwa ushukuru."

Alisema hivyo akiwa amekaa.

Kuna watakaosema ubao ni ubao, mradi mtu anaketi. Sikubali, na si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Nyumba za Upanga za wakati ule, zenye madirisha ya luva, matofali ya matundu kwenye ngazi na sakafu ya terazo, zilichorwa na watu waliojua unyevu wa Pwani, na samani zilizowekwa ndani yake zilifuata fikra hiyo hiyo. Kiti chenye mikanda kinapitisha hewa chini ya mto. Ukikipigilia plaiwudi, jasho la mchana linabaki kwenye sponji, na masika yakiingia unanusa ukungu kabla hujauona. Kiti kile kilikaa sebuleni kwangu wiki moja tu, na upande wa chini wa foronya ukaanza kuwa na madoa.

Nataja foronya, na hapa inabidi niwe mkweli. Ushonaji ulikuwa mzuri sana. Sijawahi kuona mshono ulionyooka vile, wenye utepe wa pembeni uliofuata kona bila kukunjamana hata mahali pamoja, na zipu iliyofichwa nyuma ambako mgeni hataiona. Kwa siku kadhaa nilikuwa namlaani mwenye karakana huku nikipapasa mto, nikashindwa kuelewa inakuwaje mikono miwili ya namna hiyo ifanye kazi chini ya paa moja.

Kisha nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mzee wa cherehani wa karakana ile ile, ambaye siku ya kuchukua kiti nilimwona tu kwa nyuma, ameinama. Akaniambia kopo halikutupwa. Mwanafunzi alilimwaga ili achanganyie gundi. Naam, gundi ile ile iliyoziba matundu yangu ilikorogwa ndani ya kopo langu. Mzee alizikuta klipu zimetawanyika chini ya meza ya randa wakati wa kufagia, akazitambua, akaokota alizoweza. Zilikuwa 31, amezifunga kwenye karatasi ya sukari.

"Nilimwambia bosi kiti hiki hakipigwi misumari," alisema. "Lakini mimi pale ni mtu wa kushona."

Alikuja nyumbani siku yake ya mapumziko. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa chai mpaka amalize kazi. Alikipindua kiti cha pili juu ya mkeka, akapitisha kidole ndani ya kila tundu, akatoa vipande vya mpira wa zamani kwa ncha ya mkasi, na hakusema neno mpaka alipofika la mwisho. Klipu alizisugua moja moja kwa msasa, akazipaka mafuta kidogo ya cherehani, akaingiza ncha ya mkanda hadi ndani kabisa na kuibana kwa jiliwa dogo alilokuja nalo kwenye mfuko wa kitambaa. Kisha akaingiza klipu ya upande mmoja, akauvuta mkanda kwa mikono miwili hadi upande wa pili, na klipu ikazama katika tundu lake kwa mlio mfupi mkavu ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni, siku zile tulipokuwa tukiruka juu ya viti hivi nikiwa na binti wa jirani na mama zetu wakitugombeza.

Klipu 31 zilitosha viti viwili na zikabaki saba. Kwa kiti cha tatu zilipungua tano, naye akazikunja tano kutoka kwenye ule utepe wa chuma unaofungia mizigo bandarini, akazitoboa meno kwa msumari. Nimeketi juu yake ninapoandika, na sioni tofauti.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia kuandika: msiende karakana ile kamwe. Sasa siwezi kuandika hivyo, kwa sababu anayefanya kazi bora kuliko wote niliowaona katika mji huu yuko mle ndani, nyuma, karibu na dirisha, naye analipwa kwa mto. Mwenye kitambaa cha kushonesha aende, na aseme kabisa kwamba anataka mzee wa cherehani. Ila mwenye kiti cha mti, chenye sehemu asizoweza kuzipata tena, asikiache pale hata kama mlango ni wa kioo. Na popote atakapokiacha, azihesabu sehemu mbele ya fundi, idadi iandikwe kwenye risiti, na mbili tatu abaki nazo nyumbani kama vielelezo. Mimi nilitoa zote 48 kwa mtu ambaye hakunyanyua macho.

Halafu nikikumbuka kwamba nilipodai nusu ya fedha yangu nilijibiwa nilipie kwanza plaiwudi, narudi pale pale nilipoanzia. Msiende. Mzee mwenyewe ameniambia anafikiria kufungua banda lake Keko, na akifungua nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Kiti cha kwanza bado kiko juu ya meza ya jikoni. Plaiwudi nimeing'oa, misumari nimeitoa kwa koleo huku nimeweka kitambaa chini ili mbao isijeruhiwe zaidi, na ile mipasuko miwili mzee ameibana kwa gundi. Matundu nayafungua mwenyewe: natonesha siki ya moto, nasubiri gundi ilainike, nachokoa kwa sindano ya gunia, natonesha tena. Tundu moja linachukua jioni mbili. Tisa yako wazi, na la kumi nimelianza jana usiku. Rafiki yangu ameshaposti klipu 12 kutoka Leicester, na ameniomba nimpigie picha ya kiti kikikamilika, kipigwe kikiwa kimepinduliwa, ili aone upande wa chini.