Duka la vifaa vya vidonda hapa Columbus, Ohio: mali nzuri, bili ndo tatizo

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na hizo zote ni za wadada wa kaunta maana kazi wanaijua na mama yangu wanamhudumia kwa heshima sana. Ile spreyi ya kukinga ngozi tunayopuliza pembeni ya kidonda chake cha mguu ili plasta isimchubue na majimaji yasimlainishe ngozi inafanya kazi kweli, wekundu umepungua na kubadilisha bandeji hakumuumizi kama zamani. Sasa bili jamani. Kwenye simu wakaniambia Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, italipa usijali, halafu barua inakuja hela yote ni yetu! Ukweli ni kwamba Part B, sehemu ya Medicare ya matibabu ya nje na vifaa, inalipia bandeji zenyewe, ila vikinga ngozi kama hiyo spreyi, vya msimbo (namba ya kifaa kwenye bili) A6250, haviingii kwenye fungu la bandeji za vidonda, hata daktari aandike vipi. Mtu mwenye stoma, yule anayevaa mfuko tumboni, yeye vitambaa vya kukinga ngozi vya msimbo A5120 analipiwa asilimia 80 akishamaliza ile hela ya mwanzo wa mwaka anayotoa mfukoni kwanza, kwa hiyo inategemea unatumia kwa ajili ya nini. Hili mtu wa bili anatakiwa kulijua na kulisema KABLA hujaagiza, wazee wengi wanaishi kwa pensheni tu. Mkienda ulizeni msimbo na bei ya kulipa taslimu, waandike kwenye karatasi. Spreyi nitaendelea kununua hapohapo.