Kuni za Kununua Kabla ya Masika: Zipi za Kwanza, Zipi za Kuacha

Februari, kaskazi inapokaribia kumaliza, ndipo ninaponunua kuni. Masika yakishaingia Machi, gari la ng'ombe litakalofika uani kwako litakuletea maji yaliyovaa magome, na utayalipia bei ya kuni. Hapa Wete, Pemba, napikia mafya na jiko la udongo, na mara kadhaa kwa mwaka huitwa kupika masufuria makubwa ya shughuli, kwa hivyo nimeshanunua kuni za kila namna.

Kabla ya kuuliza ni mti gani, uliza umekauka kiasi gani. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto utaanza kwa kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni na kuyatoa mvuke, ndipo ugeukie sufuria yako, na muda wote huo kuni zinakwisha, moshi unakujaa machoni na wali haujatokota. Mwembe mkavu utakupikia vizuri kuliko mvinje uliokatwa jana. Wanaopima kwa vyombo hutaka ukuni uwe na maji yasiyozidi asilimia 20. Sisi tunapima kwa masikio na mikono. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu vinalia, sauti kali kama ya vifuu viwili. Vibichi vinadunda tu. Tazama ncha: ukuni mkavu una nyufa zinazoanzia katikati kwenda pembeni, na gome lake linabanduka kwa ukucha. Lakini usidanganywe na wepesi peke yake. Ukibonyeza na kidole kikazama, au unga ukamwagika kwenye vitundu vya bungua, huo umeoza, nao utawaka kama karatasi na kukuachia majivu.

Hili nimelijua kwa aibu. Miaka michache iliyopita, siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu, nilinunua gari zima kwa kutazama juu tu.

"Mwanangu, zimekatwa lini hizi?"

"Zamani, bi mkubwa. Wewe washa tu."

Safu ya juu ilikuwa kavu kweli. Chini yake kuni zilikuwa zinatoa povu kwenye ncha, zinafoka kama zinalia. Pilau iliiva saa mbili baada ya wageni kuketi, na wasaidizi wangu walishinda siku nzima macho mekundu. Tangu siku hiyo silipi mpaka nimechomoa ukuni mmoja wa chini kabisa ya gari nikaugonga mbele ya muuzaji. Mwenye kuni nzuri hakasiriki.

Sasa miti yenyewe. Wa kwanza kwangu ni mvinje. Ni mti mgumu na mzito, moto wake ni mkali na wa kudumu, na makaa yake yanakaa muda mrefu hata ukipalia wali yanatosha juu na chini. Unapandwa sana pwani na hata kwenye mashamba ya Serikali, kwa hivyo kuuchoma si kumaliza msitu wa asili. Ila nunua uliokwishachanjwa, au uuchanje ungali mbichi. Ukikauka ukiwa gogo zima, shoka litakurudi mkononi.

Wa pili ni mkarafuu, na kwa mtu wa Pemba naona tofauti yake na mvinje ni ndogo sana. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliilaza mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba iliyosalimika ndiyo iliyobaki na mashamba makubwa, basi huku ndiko kuni zake zinakopatikana. Unawaka taratibu na makaa yake ni mazuri kwa kuchoma mkate. Nunua wa mti uliokufa wenyewe, na muulize muuzaji umetoka shamba la nani. Mkarafuu haukatwi bila ya ruhusa, na mimi sitaki chakula changu kiive kwa mti aliouawiwa mtu mwengine.

Baada ya hiyo natia pamoja mkeshia, mzambarau, mkwaju na mpera. Yote ni kuni za kutegemewa, chukua unaoupata karibu. Mpera hupatikana vijiti vyembamba, mzuri kwa chai na uji wa asubuhi.

Mwembe ni wa nne. Unapatikana kila pahala na bei yake ni nafuu, unachanjika bila ya taabu, lakini unakwisha upesi na ukilala chini wiki chache tu wadudu wanauingia. Ununue kwa matumizi ya mwezi huu, usiuweke akiba. Mnazi nauweka mwisho: katikati ya gogo ni nyuzi laini zinazonyonya maji kama sifongo. Makumbi na vifuu ni habari nyengine. Kifuu kikavu kinashika moto haraka na joto lake ni kali, na makaa yake ni bora kwa seredani. Sinunui gunia la kuni bila ya gunia la vifuu vya kuwashia.

Mikoko usinunue. Najua kuni za mkandaa zina moto wa ajabu, wazee wetu walizipikia. Lakini mikoko ndiyo inayoshikilia ufukwe na ndimo samaki wadogo na kaa wanamokulia, na ukataji wake umewekewa masharti na sheria ya misitu, Namba 10 ya 1996. Asiye na kibali cha kukuonesha, mwache apite. Acha pia mbao za ngarawa au jahazi kuukuu zenye rangi, na magogo yaliyookotwa baharini. Moshi wa rangi ni sumu, na chumvi inakula jiko la bati na sufuria.

Kwenye bei, tahadhari na tita. Kamba ikikazwa katikati, nje utaona vijiti vimejipanga, ndani ni uwazi. Tia mkono. Kuni zilizonyooka zinajaa tita, zilizopinda zinajaza hewa. Na ukiuziwa kwa kilo, kumbuka kuwa kuni mbichi ndizo nzito zaidi: unalipia maji.

Zikifika nyumbani, zichanje siku hiyo hiyo. Kwa mafya ya nyumbani, unene wa kifundo cha mkono unatosha. Kwa sufuria ya shughuli, mara mbili ya hapo. Ukuni uliopasuliwa unakauka upesi kuliko wa mviringo, kwa sababu gome limezuia maji yasitoke. Panga juu ya mawe au vigogo viwili, usiziweke juu ya udongo, mchwa watazipata kabla yako. Safu moja iende huku, ya pili ikatize, upepo upite katikati. Funika juu tu kwa makuti au bati. Ukizizungushia turubai pande zote, unyevu unabaki humo humo na kuvu inaota. Usizibane na ukuta wa nyumba, na unapochukua, gonga safu kwanza kwa fimbo: nge na nyoka wanapenda pahala hapo.

Zile za siku mbili zinazokuja zilete ndani, uziweke juu ya uchaga, pale joto la mafya linapofika.