Ottoneu kwa Kikundi cha Mwanza: Timu 12, Nafasi 40

Ottoneu ni huduma ya fantasi ya besiboli, yaani mchezo wa kuunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao, inayochezwa kwa mnada kupitia intaneti, na tofauti yake kubwa na huduma nyingine ni kwamba haimwachii msimamizi wa ligi uhuru wa kuamua ukubwa: timu ni 12, kila timu ina nafasi 40, na kila mwenye timu anapewa dola 400 za kununulia wachezaji. Dola hizo ni za mchezo tu, ingawa huduma yenyewe hulipiwa. Ninaitathmini hapa kwa kuangalia kikundi cha watu kumi hivi wa Mwanza, ambao wengi wao wameizoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza na sasa wanataka kujaribu mnada.

Mazoea hayo yanapotosha mapema kabisa. Katika fantasi ya Ligi Kuu, kila mtu ana pauni milioni 100 za kununua wachezaji 15, na mshambuliaji mmoja anaweza kumilikiwa na watu wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo wawe sita au sitini, bei haibadiliki kwa sababu yao. Kwenye mnada kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Anayenunua dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba hahitaji kuelezwa jinsi wingi wa wanunuzi unavyogeuza bei ya mzigo uleule. Katika besiboli mzigo ni timu 30 za ligi kuu ya Marekani na Kanada (MLB) zenye wachezaji 26 kila moja, yaani 780, na ukubwa wa ligi ndio unaoamua ni wangapi kati yao watagombaniwa.

Ottoneu inachukua 480. Kwa hesabu hiyo, mtu hawezi kujaza nafasi zake kwa majina maarufu peke yake. Analazimika kuwajua warushaji (wanaowarushia wapigaji mpira) wa akiba na hata vijana ambao bado wako ligi za chini, kwa sababu wachezaji hubaki na timu yako mwaka hadi mwaka na mishahara yao, yaani bei ulizowanunulia, hupanda kila mwaka, dola 2 kwa aliyekwisha kucheza MLB katika msimu huo na dola 1 kwa ambaye hajacheza. Hapo ndipo ninapoisifu huduma hii bila kusita. Nafasi 40 zina maana kwa kuwa zinampa mtu mahali pa kumweka kijana wa dola 1 kwa miaka miwili au mitatu, na kupanda kwa mishahara kunazuia mwenye bahati mmoja asiwashikilie nyota milele. Ni mfumo uliofikiriwa kwa makini.

Hata hivyo, mnada wenyewe ni mrefu. Wachezaji 480 wakinadiwa kwa dakika moja kila mmoja, hizo ni saa nane, na kwa watu wanaotegemea vifurushi vya intaneti na umeme usiotabirika, ni vyema kuugawa kwa siku mbili au tatu. Utaratibu wa zamani wa dola 260 na nafasi 23, yaani wapigaji 14 na warushaji 9, una wachezaji 276 kwa timu 12 na 230 kwa timu kumi, jambo linalomalizika katika muda usiozidi saa nne kwa hao kumi.

Saa za michezo nazo zinahusika na idadi ya nafasi kuliko watu wanavyodhani. Mchezo unaoanza saa moja jioni New York huanza saa nane usiku Mwanza, na Ottoneu hutaka kikosi kipangwe kila siku. Nilitarajia jambo hili liiangushe kwa watu wa huku, lakini katika mifumo yake ya kawaida kila nafasi ya mpigaji ina kikomo cha michezo 162 kwa msimu, hivyo aliyelala mapema siku moja anaweza kufidia baadaye kwa wachezaji wa benchi. Benchi refu linamsaidia mtu wa Mwanza badala ya kumwadhibu.

Basi kinachonifanya nisiwashauri kumi hao waanze nayo ni idadi ya timu. Kutafuta wawili wa kujaza tu, ambao wataacha kupanga vikosi ifikapo Juni, kunaharibu ligi ya miaka mingi kwa wote kumi na wawili. Wachague huduma inayoruhusu kubadili vipimo, na kabla ya kukubaliana idadi ya timu wawahesabu wadakaji, yaani wanaokaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, ambao ndio adimu kuliko wote. Wadakaji wa kuanza ni 30 tu kwenye MLB nzima, mmoja kwa kila timu. Timu 15 zenye wadakaji wawili wawili zinawamaliza wote; timu kumi zinachukua 20 na kuacha wa kutosha kwa atakayepata majeruhi. Ila kadiri ligi inavyopungua, ndivyo wachezaji wa kawaida wanavyopatikana bure, na fedha nyingi zaidi inafaa zielekezwe kwa nyota wachache. Mwenye dola 260 anaweza kutoa hadi 238 kwa mchezaji wa kwanza huku akibakiza dola moja moja kwa nafasi 22 zilizosalia, ingawa sijui nani angethubutu.

Kwa benchi ningeweka nafasi nne au tano, na vikosi vipangwe mara moja kwa wiki. Michezo ya Jumatatu usiku huko Marekani huku huchezwa alfajiri ya Jumanne, hivyo kila mtu ana jioni nzima ya Jumatatu baada ya kazi kukamilisha kikosi chake.

Ikiwa wamebaki saba tu, watumie ligi ya National, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, peke yake, kama walivyofanya mwandishi Daniel Okrent na wenzake walipoanzisha fantasi hii ya mnada New York mwaka 1980: leo ina timu 15, na timu saba zenye wadakaji wawili wawili zitachukua 14 kati ya 15 wa kuanza.