Kutia injini ya 7A kwenye Corolla kuukuu: gereji ya Barani, Malindi

Gereji hii haina kibao wala rangi ukutani. Ukifika Barani muulizie fundi wa chini ya mwarubaini, hata mtoto wa madrasa atakuonyesha. Naandika kwa sababu kila nikishusha masufuria kwenye harusi, madereva wananizunguka: "Mama, hili gari umelitia nini?"

Gari ni Corolla wagon ya miaka ya tisini, ile AE100, iliyokuja na injini ya aina ya 5A, ya ukubwa wa cc 1498. Kazi yangu ni mapishi ya shughuli. Napakia masufuria ya biriani, magunia ya mchele, mkaa, na wasaidizi wangu ambao, Mungu awazidishie, si wembamba. Hapa mjini ni tambarare, 5A haikunisumbua. Shida ilikuwa kupanda mlima wa kwenda Marafa. Nikipakia kwenda kule ilikuwa gia ya pili, mguu umekandamiza mpaka chini, na mshale wa joto unapanda kilima pamoja nasi.

Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kuwa nataka injini kubwa. Fundi hakunibishia, ila hakushika spana pia. Alilinyanyua gari, akaingia chini na bisibisi, akawa anadunga chuma hapa na pale. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Upande wa betri, pale inapofungwa maunting, kile kishikizo cha injini, bisibisi ilizama. Akasema pachomelewe kwanza, la sivyo injini mpya itakuja kulala barabarani. Gereji nyingine niliyopitia kabla yake waliniambia nilete hela tu, injini yoyote itaingia.

Alichonishauri ni injini ya 7A, cc 1762. Ni ukoo mmoja na 5A, kwa hiyo giaboksi inashikana na maunting zinakaa bila kubuni vyuma vipya. Tofauti iko ndani: tundu za silinda ni milimita 81 badala ya 78.7, na pistoni inasafiri milimita 85.5 badala ya 77. Kwangu mimi mpishi, maana yake ni kwamba nguvu ya kuvuta inakuja mapema, huna haja ya kuikaripia injini ndipo itembee. Lakini kwa safari hiyo ndefu ya pistoni, bloku, yaani mwili wa injini, nayo imekuwa ndefu kwenda juu. Mkanda wa taiming wa 5A, ule unaoendesha vali ziende sawa na pistoni, haufai, na bomba la egzosi halikukutana na lenzake. Lilikatwa likaungwa upya.

Penye kuliwa watu ni kwenye waya. 7A nyingi zinazotoka Japani zimeng'olewa kwenye Carina, Caldina na Premio, na nyingi ni zile za kubana petroli: gari likienda mwendo wa raha, injini inajipunguzia mafuta yenyewe. Ina kompyuta yake na sensa zake, vile vipimo vinavyoipasha kompyuta habari. Ukiifunga kwa kompyuta ya 5A inaweza kuwaka, tena ikanguruma vizuri, ila kipimo cha petroli si chake. Fundi alinikataza kabisa kununua injini tupu, isiyo na waya na kompyuta yake. "Mamangu, hiyo ni bibi harusi asiye na somo wa kumfunda. Ukumbini atakaa, mengine yatamshinda." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tairi.

Tukaipata Mombasa, ya gia za mkono kama langu, pamoja na giaboksi, waya zote na kompyuta, kwa shilingi 75,000. Ilikawia kupatikana kwa sababu nyingi ni otomatiki. Kabla ya kuipandisha alibadilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili kuvuja, maana injini ikiwa chini ni kazi ndogo, ikishafungwa ni kushusha tena kila kitu. Ufundi ulikuwa 22,000. Ukijumlisha klachi, redieta kubwa zaidi, diski na pedi za breki, kuchomelea na fundi wa umeme, nilipita 150,000. Breki nilitaka kuziahirisha, akakataa kunipa ufunguo. Hapo nilikasirika, ila alikuwa na haki.

Sasa lawama. Aliahidi gari kabla ya Maulidi, nikalipata Maulidi yamekwisha, na shughuli mbili nikakodi pikapu. Uwanja hauna paa, mvua ikinyesha kazi imelala. Umeme hafanyi mwenyewe, anamwita mtu wake, na mtu huyo simu yake ni ya kubahatisha. Taa ya injini ilibaki inawaka nilipochukua gari. Nikarudi, wakakuta waya mmoja wa sensa ya egzosi haukuungwa sawa. Hawakunitoza.

Jambo moja lililonipendeza kuliko yote: hakuanza mpaka aone risiti ya injini na karatasi za kuingizwa nchini. Namba ya injini na cc vimeandikwa kwenye logbuku, kwa hiyo ukibadilisha lazima uombe mabadiliko NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Na bima waambie. Ajali ikitokea halafu namba ya kwenye bloku si ile wanayoijua, utakuwa umelipa bima ya gari la mtu mwingine.

Marafa sasa napanda na gia ya tatu, mzigo ule ule, mshale umetulia katikati. Petroli ya mjini imeongezeka, siwafichi. Barabara kuu kwenda Kilifi sioni tofauti kubwa. Kama gari lako ni la kupeleka watoto shule na kurudi, bakia na 5A yako, tengeneza redieta, hela nyingine nunua mbuzi. Wa mizigo kama mimi, nendeni.

Nampa nyota nne. Ya tano ataipata akiezeka. Hapokei simu akiwa chini ya gari, kwa hiyo fika mwenyewe asubuhi, na logbuku mkononi. Ijumaa wanafunga saa sita, wanarudi saa nane. Malipo ni M-Pesa, nusu mwanzo, nusu ukishaliendesha mpaka daraja la Sabaki na kurudi.